Kilwa Kisiwani kwa siku tatu: anza na mwezi, tiketi baadaye

Watu wakinipigia simu kuhusu Kilwa, kitu cha kwanza wanachouliza ni nauli. Mimi nawauliza: leo mwezi ngapi? Nikisema mwezi nakusudia huu wa angani. Wengi hawajui, na hapo ndipo tunapoanzia kupanga.

Napeleka vikundi vidogo Kilwa kutoka Dar es Salaam: familia, walimu, kina mama wa vikoba. Safari ya kwanza niliipanga kwa kalenda ya ukutani, nikachagua Jumamosi iliyokuwa tupu. Tulifika Songo Mnara, kisiwa jirani na Kisiwani, saa nne asubuhi mwezi kumi na tano. Maji yalikuwa yamepwa hata nahodha akatushusha mbali na nchi kavu. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alivuliwa viatu, akashikwa mikono huku na huku, akakata tope la mikoko kwa robo saa nzima akisoma Ayatul Kursi. Mimi nyuma, sufuria ya pilau kichwani. Nahodha siku ile alinyamaza. Tulipozoeana ndipo aliponiambia, "Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia."

Hatua ya 1: Hesabu maji, kisha chagua tarehe

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo katika pwani yetu maji hufika kilele karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, sogeza mbele dakika kama 50. Ukifika mwezi saba, maji yanajaa karibu saa tatu asubuhi. Huo ni wakati wa maji mafu: hayapandi sana, lakini hayatoroki mbali pia.

Kwa hiyo safari yenye Songo Mnara naipanga mwezi sita hadi nane, au ishirini hadi ishirini na mbili. Unaingia na maji, unazunguka, unatoka kabla hayajakukimbia. Ukienda Kisiwani peke yake huna haja ya kubanwa hivyo, kwa kuwa mkondo kati yake na Kilwa Masoko, mji wa bara tunakovukia, ni wa kina. Hata hivyo mpigie nahodha siku mbili kabla. Hesabu hii ni ya kukadiria. Yeye anayaona maji kwa macho.

Halafu msimu. Aprili na Mei sipeleki mtu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Dar hadi Lindi ilikatika upande wa Kilwa na mabasi yakakwama. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, hasa mchana, basi vuka mapema na urudi mapema. Mimi napenda Septemba na Oktoba: ardhi kavu, bahari imetulia, joto la kaskazi bado halijaja.

Angalia pia Ramadhani na Ijumaa. Ramadhani unaweza kwenda, ila usitegemee kupikiwa mchana, na usinywe maji mbele za watu. Ijumaa, malizeni mizunguko kabla ya saa sita, kwa sababu mwenyeji wenu ataenda kuswali.

Hatua ya 2: Fika Masoko mchana

Mabasi ya kusini yanapita Mbagala na kushika Barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, hadi Nangurukuru. Hapo barabara ya Kilwa Masoko inachepuka kushoto. Ni kilomita kama 300 hivi kutoka Dar. Panda basi la alfajiri. Ukifika usiku utakosa ofisi na utakosa nahodha, na siku ya pili itaanza kwa kukimbizana. Gesti zipo za kila mfuko. Uliza kama kuna chandarua kisicho na matundu kabla ya kuuliza kuhusu feni. Toa pesa taslimu Masoko, maana ukishavuka hakuna benki.

Hatua ya 3: Kibali, mwongoza wageni, chombo

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa. Huwezi kujiendea tu. Kibali kinachukuliwa Masoko, ofisi ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori, ndiyo inayosimamia magofu haya), na unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu aje na kitambulisho chake mkononi. Nilishawahi kusubiri saa nzima kwa ajili ya baba mmoja aliyeacha cha kwake kwenye begi, gesti.

Mwongoza wageni mchukue wa huku huku, ikiwezekana mzaliwa wa kisiwani. Kwenye chombo una njia mbili. Unaweza kupanda mashua ya abiria pamoja na wanakijiji wanaorudi na ndoo zao na unga. Ni nafuu, na ndani yake utasikia habari zote za Kilwa. Au ukodi boti ya mashine kwa siku nzima, ambayo kwa kikundi cha watu sita na zaidi ndiyo inayolipa. Njia yoyote, hesabu jaketi za kuokolea maisha kabla hujakanyaga chombo. Zikipungua hata moja, hatuondoki. Nahodha wangu amezoea ukorofi huo.

Hatua ya 4: Zunguka kisiwa kwa mpangilio unaosimulia

Wengi huteremka, wanapiga picha Gereza, yaani ile ngome ya kale, wanapiga picha msikiti, saa sita wamerudi Masoko. Mimi naanza mbali: tukiwa na boti, maji yakiwa yamejaa, tunakwenda moja kwa moja Husuni Kubwa.

Hili lilikuwa jumba la sultani, limejengwa juu ya jabali linalotazama bahari mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya mia. Watu hukimbilia birika la kuogelea lenye pande nane, na kweli linapendeza, lakini wewe kwanza simama ukingoni na utazame chini. Hapo utaelewa kwa nini palijengwa hapa. Hakuna chombo kingeingia bandarini bila kuonekana. Dhahabu ilipandishwa kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ikaja hapa, na mashua zikarudi na kauri za China na vitambaa. Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba. Moja yenye jina la sultani huyu ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mgeni ana yake, na mjadala huo hutuchukua njia nzima ya kurudi kijijini.

Kisha Msikiti Mkuu. Kibla chetu huku ni kaskazini, na sehemu kongwe ya msikiti, ya karne ya 11 au 12, ndiyo iliyo upande huo. Sehemu pana yenye kuba iliongezwa baadaye kusini yake. Maana yake ukitembea kuelekea kibla unarudi nyuma kwenye miaka. Waambie watu watembee polepole.

Hapo ndani nawaomba wote waweke kiganja ukutani. Jiwe lile ni tumbawe. Likitolewa baharini likiwa bichi huchongeka kama sabuni. Likikauka hewani linakuwa gumu. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kuchonga mstari wake wa mihrabu kabla jiwe halijamkatalia. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa kwa kuni. Ukisogeza uso karibu, utaona mistari midogo midogo kama ya asali kwenye sega: ni nyumba za wadudu wa baharini, zipo bado. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliniuliza kama wadudu hao wanaswali. Sikuwa na jibu.

Ndipo ninapowasimulia habari ya Ibn Battuta, aliyefika hapa mwaka 1331 akamkuta al-Hasan huyu huyu, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Aliandika kwamba Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Simulia habari hii ndani ya msikiti, usiisimulie kwenye basi.

Gereza liache mwisho. Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliingia Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Mengi unayoyaona leo ni ya wakati wa Waomani, karibu mwaka 1800. Neno gereza lenyewe linatokana na neno la Kireno la kanisa. Mwambie hivyo mtu asiyekuwa amelala, uone uso wake.

Ukiwa unasubiri chombo, mwombe mwenyeji wako hadithi ya kununuliwa kisiwa. Husimuliwa kwamba Mshirazi, mgeni kutoka Uajemi, alimlipa mwenye kisiwa vitambaa vya kukizungushia chote. Mwenye kisiwa akahamia bara, akiwa na nia ya kurudi na vita maji yakipwa, maana zamani watu walikuwa wanavuka kwa miguu. Hapo ndipo wasimulizi wanapogawanyika. Wapo wanaosema Mshirazi alichimba mkondo. Wengine wanasema ilisomwa Kurani mpaka bahari ikagoma kukauka. Usimkatize mzee anayesimulia kwa kumwambia ulisoma vingine.

Hatua ya 5: Chakula na adabu

Kisiwani watu wanaishi. Magofu yapo katikati ya mashamba na vyoo vyao. Chakula kiagizwe asubuhi, au jana yake kupitia mwongoza wageni. Ukitaka wali wa nazi na samaki wa kuchoma saa saba, mama anayepika lazima ajue mko wangapi kabla mume wake hajauza samaki wote Masoko. Lipa nusu mapema.

Kina mama wabebe khanga mbili, wanaume suruali inayopita magoti. Wakubwa waamkie, shikamoo kwa kila mzee, hata kama mko ishirini na yeye yuko mmoja akitengeneza nyavu. Usipige picha wanawake kisimani bila kuomba. Makaburi hayakaliwi. Ukikuta kitambaa cheupe au sarafu juu ya kaburi la kale, pita kimya. Kuna mtu ana haja yake pale.

Na vigae vya vyombo vya kale. Mtaviona ufukweni, vya buluu na kijani, vizuri mno. Viacheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haichezewi. Mimi mwishoni hukagua mifuko ya watoto, na mara mbili nimekuta kigae kwa mama yao.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, Songo Mnara au Kivinje

Kama maji yanaruhusu, Songo Mnara. Ni mji mzima wa karne ya 14 na 15, nyumba za mawe zenye vyumba, baraza na milango ambayo bado unaweza kupita ukijiinamisha. Hakuna kelele yoyote. Beba maji ya kunywa na viatu vya kulowana.

Kama maji yamekataa au kuna wazee kwenye kikundi, Kilwa Kivinje. Mnafika kwa gari. Ulikuwa mji wa biashara ya pembe na watumwa karne ya 19, kisha Wajerumani wakaweka boma lao. Kuna Mwembe Kinyonga, walikonyongewa wapiganaji wa Maji Maji. Huko sitoi maelezo mengi. Watu hukaa chini wenyewe.

Hatua ya 7: Kurudi

Tiketi ya Dar ikateni Masoko jioni ya kutangulia, kabla hamjaoga wala kula, kwa sababu mabasi huondoka alfajiri na viti vya mbele huisha. Nahodha mlipe salio lake mkishuka, mkononi mwake, na uliza namba yake tena hata kama unayo. Za kwao hubadilika. Mwambie pia mwezi mnaotaka kurudi; akishajua, atakuchagulia siku mwenyewe.