Panga manunuzi ya wiki kwa akili mnemba kabla hujafika gengeni

Kazi yangu ni lishe, na kaya nyingi ninazohudumia ziko Dar es Salaam. Wananunua mchele na unga mwanzo wa mwezi, mboga gengeni jioni, na siku ya mapumziko wanafika Ilala au Kariakoo. Nawafundisha kupanga manunuzi kwa programu za akili mnemba kama ChatGPT au Gemini, kwa Kiswahili, na bando dogo linatosha. Programu hizi zinasaidia kweli, mradi uzieleze jiko lako kwanza. Ukiandika tu "nipangie mlo wenye afya", utaletewa samoni, brokoli na lozi, vitu vya bei mbaya ambavyo mama wa genge hana.

Hatua ya 1: Kagua kilichomo ndani

Fungua kabati, friji kama unayo, na ndoo ya unga. Andika kilichopo, na mbele ya kila kitu kinachokaribia kuharibika weka alama. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Nyanya zilizolainika na mchicha uliosinyaa ni hela uliyokwisha kuitoa, kwa hiyo mpango wa wiki uanzie hapo. Kama kuandika kunakuchosha, gusa alama ya kipaza sauti uongee.

Hatua ya 2: Andika maelekezo kamili

Huu hapa mfano. Unakili, kisha badilisha uendane na nyumba yako:

"Naishi Dar es Salaam. Tuko watano: watu wazima wawili, watoto wa miaka 4, 9 na 13. Mtu mzima mmoja ana presha. Bajeti ya mboga, kitoweo na matunda ni shilingi 60,000 kwa wiki. Napikia gesi ya mtungi mdogo, sina friji. Ndani kuna mchele kilo 4, maharage kilo 1, nusu kabichi, na nyanya sita zinazolainika. Nanunua kwa fungu na kisado. Nipangie manunuzi ya siku 7, ukianza na vinavyoharibika haraka. Kila siku iwe na mboga za majani na tunda. Siku nne kitoweo kiwe maharage, choroko, kunde au dagaa. Usiweke kitu kisichopatikana gengeni. Kabla hujajibu, niulize unachohitaji kujua."

Usiifute sentensi ya mwisho. Bila hiyo programu inajaza mapengo kwa kubahatisha. Ukiiweka, itakuuliza kama kuna mwenye mzio, au kama mchana mnakula nyumbani.

Kuhusu kitoweo, nina msimamo. Watu wengi wanaojali mazingira huanza kuulizia chakula kimesafiri umbali gani, lakini aina ya chakula ina uzito zaidi: nyama ya ng'ombe inatumia ardhi nyingi na kuzalisha gesijoto nyingi mno ukilinganisha na kunde. Kwa hiyo punguza nyama nyekundu, maharage na choroko vichukue nafasi yake. Lakini usikubali programu iondoe kabisa vyakula vya asili ya wanyama kwa mtoto mdogo au mama mjamzito. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anatoa protini, madini ya chuma na kalsiamu, na kwa mtoto wa miaka 4 nisingeubadilisha mlo huo kwa sababu programu imesema "mboga pekee".

Maharage nayo yanakula gesi. Iambie programu ikukumbushe kuyaloweka usiku wa kuamkia siku ya kuyapika. Yakilowekwa yanaiva mapema, na mtungi unadumu.

Orodha ikija, ikague kwa makundi sita tunayofundisha kliniki: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde na karanga; vya asili ya wanyama; mboga; matunda; mafuta.

Hatua ya 3: Bei na mafungu ni kazi yako

Bei inazotaja programu usizitegemee. Iambie iache safu ya bei wazi, uijaze mwenyewe. Fungu nalo halina kipimo kimoja, kwa hiyo nunua fungu la nyanya, mwombe mwenye duka jirani alipime kwenye mizani, kisha iandikie programu: "Fungu la nyanya la gengeni kwetu ni gramu 700." Kuanzia hapo hesabu zake zinaanza kukaa sawa.

Msimu muulize muuzaji. Yeye ndiye anayejua kama nanasi za Kiwangwa zimeanza kushuka, au kama nyanya za Ilula zimeadimika. Ukiwa hapo hapo gengeni andika: "Mchicha umepanda, matembele yapo mengi na nyanya chungu ni rahisi. Badilisha mpango, usivuke bajeti." Kwa maoni yangu, hapa ndipo akili mnemba inapotuzidi, kwa sababu inaupanga upya mlo wa wiki nzima kabla muuzaji hajakurudishia chenji.

Hatua ya 4: Vya pakiti, piga picha ya nyuma

Piga picha ya jedwali la virutubishi, si ya upande wenye matunda yanayong'aa. Andika: "Nisomee sukari, chumvi na mafuta kwa gramu 100." Kisha hakiki namba kwa macho yako, maana mara nyingi inachanganya safu ya gramu 100 na ile ya mlo mmoja. Kama pakiti imeandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Mimi hutumia viwango vya Uingereza: zaidi ya gramu 22.5 za sukari, au zaidi ya gramu 1.5 za chumvi, katika gramu 100 ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Na kinywaji chenye gramu 10 za sukari kwa mililita 100, ukimaliza chupa ya mililita 500 umekunywa gramu 50, ambazo ndizo kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima.

Ipo pia programu ya simu ya Open Food Facts, ya bure, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012. Unaelekeza kamera ya simu kwenye mistari myeusi ya pakiti, inakuletea taarifa za bidhaa. Bidhaa ya kiwanda cha hapa isipokuwemo, ipige picha uiongeze, na mwenzako ataikuta.

Hatua ya 5: Usiyoiachia programu

Usiipelekee programu picha ya mahindi au karanga ukauliza kama ni salama. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa picha, na mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Chambua, tupa punje zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na nunua zilizokauka vizuri.

Mgonjwa wa figo au kisukari apangiwe mlo na mtaalamu kliniki. Majina ya watu na namba za kadi za hospitali usiziandike humo kabisa.

Hatua ya 6: Mwisho wa wiki, irudishie majibu

Kwenye mazungumzo yale yale andika: "Tumetupa robo kabichi. Watoto hawakugusa bilinganya. Tumetumia shilingi 54,000. Punguza kabichi, ongeza matunda, nipe wiki ijayo." Yale maelekezo ya hatua ya 2, pamoja na uzito wa mafungu uliyopima, yahifadhi kwenye kumbukumbu za simu, ili ukifungua mazungumzo mapya uyabandike bila kuanza upya.