Jinsi ya Kuhubiri Dhidi ya Pombe na Kumfikia Mnywaji Mwenyewe

Mhubiri anayekusudia kuipiga vita pombe aanze kwa kuiacha kabisa yeye mwenyewe, hata glasi moja ya sherehe, kwa kuwa wasikilizaji humpima kwa mwenendo wake kabla hajafungua Biblia.

Andiko lishughulikiwe kwa uaminifu. Mithali 23:29-35 humchora mlevi kwa usahihi wa ajabu: macho mekundu, majeraha asiyojua yalikotoka, na hamu ya kunywa tena mara anapoamka. Hata hivyo, mhubiri asiifiche arusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, wala shauri la Paulo kwa Timotheo kwamba atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kwa sababu mnywaji huyajua maandiko hayo kuliko mengine yote na atayataja. Aseme wazi kwamba Maandiko hukemea ulevi, na kwamba kujinyima kabisa ni uamuzi wa upendo unaotokana na Waroma 14:21, ili ndugu asikwazwe.

Baada ya mahubiri huja ahadi. Padri Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu katika mji wa Cork, Ireland, mwezi Aprili 1838, na katika miaka michache mamilioni walikula kiapo cha kuacha pombe. Lakini alipofariki mwaka 1856 vuguvugu lake lilikuwa limefifia sana. Kwa maoni yangu, kiapo cha mkutanoni kinahitaji mtu wa kukifuatilia nyumbani. Kwa hiyo, kila anayeahidi apewe mwenzake wa kumtembelea, hasa jioni na siku ya mshahara, nyakati ambazo miguu hujua njia ya kilabuni.

Jambo lifuatalo naliomba lisipuuzwe na yeyote. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asihimizwe kuacha ghafla peke yake, kwani mwili uliozoea pombe huweza kutetemeka, kutoa jasho jingi na kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huweza kuua. Nimehuzunika kusikia ikiitwa mapepo, mgonjwa akawekewa mikono huku saa zikipita. Aombewe, naam, lakini aombewe akiwa njiani kwenda hospitalini.

Kuhusu sheria, mhubiri Billy Sunday, aliyekuwa mchezaji wa besiboli kabla ya kuhubiri, aliiunga mkono kwa nguvu marufuku ya pombe nchini Marekani, iliyoanza Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933. Ni halali kudai sheria, lakini kazi ya kumtembelea mnywaji isisubiri bunge.

Anayerudi kunywa asitajwe mimbarini. Afuatwe kwake, akiwa hajalewa, aulizwe alianguka siku gani na alikuwa na nani, kisha mpango wa kumtembelea ubadilishwe kulingana na jibu lake.