Kufunga Kamera Kwenye Darubini Ukiwa Karibu na Ikweta

Kamera ikivuliwa lenzi yake na kufungwa kwenye darubini ya kutazamia nyota, darubini yenyewe ndiyo inayokuwa lenzi, na ulegevu wowote wa kiungo kati ya vyombo hivi viwili utaonekana pichani. Ndiyo maana ninamsihi kila anayeanza, awe Nakuru au Kisumu, ajifunze kufunga na kufungua mchana, akilenga mnara wa simu ulio mbali, kabla ya kujaribu gizani. Darubini isielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwa kuwa mwanga wake ukikusanywa hupofusha jicho na kuunguza kihisi cha kamera, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga.

Vifaa vya kuunganishia ni viwili. Cha kwanza ni pete ya T, ambayo upande mmoja hunasa kwenye mdomo wa kamera kama lenzi ya kawaida, na upande wa pili ina hesi za kipenyo cha milimita 42. Nunua pete ya aina ya kamera yako, maana ya Canon haikai kwenye Nikon. Cha pili ni neli fupi inayofungwa kwenye hesi hizo, kisha ikaingizwa mahali pa lenzi ya jicho. Neli hizo huwa za inchi 1.25 au inchi 2, na darubini inayopokea zote mbili ifungwe ya inchi 2, kwa sababu ile nyembamba huweza kuzitia giza pembe za picha, tena haihimili vizuri uzito wa kamera. Funga pete ukiwa ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini. Jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa lilitoka kwa Wamaasai likimaanisha mahali pa vumbi, na punje moja juu ya kihisi huacha doa katika kila picha. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) mara nyingi hukataa kupiga zisipoona lenzi, kwa hiyo tafuta kwenye menyu mpangilio unaoruhusu kupiga bila lenzi.

Tatizo linalowakatisha wengi tamaa ni fokasi, yaani kuipata taswira ikiwa kali. Katika darubini ya vioo ya aina ya Newton, taswira huundwa karibu mno na bomba, ilhali kihisi kimezama ndani ya kamera, hivyo hata ukizungusha kirekebishi cha fokasi hadi mwisho nyota hubaki duara kubwa lenye ukungu. Darubini haijaharibika. Chomeka lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji, mbele ya neli ili taswira isogezwe nje, ukikubali kwamba eneo linaloonekana litapungua; njia nyingine ni kukisogeza mbele kioo kikuu kwa boliti ndefu, kazi ninayoiona haimfai anayeanza. Darubini ya lenzi huwa na shida iliyo kinyume: ukiondoa kioo cha pembe, kile kinachopindisha mwanga kuelekea jicho, huenda ukahitaji neli ya kurefusha.

Kamera ikishakaa kwenye darubini ya lenzi, nyuma huwa kuzito. Legeza mihimili huku ukilishika bomba, lisogeze mbele (kwa ya Newton, nyuma) ndani ya pete zinazolibeba mpaka litulie lenyewe, ndipo urekebishe uzito wa kusawazisha. Nakuru ipo takriban theluthi moja ya digrii tu kusini mwa ikweta, na Kisumu ipo karibu zaidi, kwa hiyo mhimili wa stendi ya ikweta (ile inayofuata nyota kwa kuzunguka mhimili ulio sambamba na ule wa dunia) unapaswa kulala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi hazikuundwa kushuka kiasi hicho. Fupisha kidogo mguu unaoelekea kaskazini au kusini, upande unaouelekeza mhimili, na uhakikishe uzito haugongi miguu. Nyota ya Kaskazini hufichwa na vilima na ukungu wa upeo wa macho, hivyo tumia dira.

Anza na mwezi mpevu: ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na sekunde 1/125 hutosha kwa darubini ya f/10, yaani ambayo urefu wake wa fokasi ni mara 10 ya kipenyo chake. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili mkono usiitikise kamera. Kwa nyota, kuza taswira mara 10 kwenye skrini, zungusha kirekebishi polepole mpaka nyota angavu iwe ndogo kabisa, kisha kaza skrubu ya kirekebishi na uitazame tena, maana kukaza huihamisha fokasi. Rudia ukaguzi huo kila nusu saa, kwa kuwa bomba husinyaa kadiri baridi ya usiku inavyozidi.