Somo: Namna ya kuandika maelezo ya mchakato wa kiwandani yakaeleweka

Kila muhula unapokaribia mwisho, wanafunzi walio katika mafunzo ya viwandani hapa Kisumu na kote katika ukanda wa miwa huniletea swali moja: ripoti imerudishwa, msimamizi anasema haieleweki, wafanye nini? Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa kikamilifu, na ninawaomba mlisome hadi mwisho kabla ya kuuliza. Mifano yangu inatoka kwenye sukari kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya.

Hatua ya kwanza. Tembea njia nzima kwa miguu, kutoka mizani ya miwa hadi gunia linaposhonwa.

Hatua ya pili. Fuata kitu kinachosindikwa, usifuate mashine. Msomaji anataka kujua ni kitu gani kinaingia, kinafanywa nini, na kinatoka kikiwa nini. Kwenye kinu huingia miwa iliyokatwakatwa, na hutoka vitu viwili: maji ya miwa, na makapi yanayokwenda kuwa kuni za boila. Njia inapogawanyika hivyo, chagua kitu kimoja ukifuate hadi mwisho wake, kisha mrudishe msomaji kwenye njia panda ukimwambia wazi kwamba mmerudi.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu ya somo hili. Maji ya miwa yakishatiwa chokaa na kupashwa moto huingia katika tangi la kutulizia, ambamo uchafu hutuama chini na maji safi hubaki juu. Maji safi huenda kwenye matangi ya kuvukizia. Uchafu huenda kwenye kichujio ili sukari iliyobaki ndani yake isipotee. Katika kiwanda kimoja nilichokitumikia niliandika hivi: "Maji ya miwa yakishatengana na matope, yapelekwe kwenye kichujio." Mimi nilikusudia matope, yaani ule uchafu uliotuama. Kijana aliyekuwa mgeni katika zamu ya usiku alisoma maji, akafungua vali ya maji safi, kichujio kikafurika, na sehemu kubwa ya zamu ikaishia katika kusafisha. Hakukosea kusoma. Maji ni "ya", matope ni "ya", na makapi pia ni "ya". Kiambishi kimoja kilibeba vitu viwili, nami nikamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Tangu siku hiyo hurudia nomino bila haya, au huchagua neno la ngeli nyingine: "Tope lipelekwe kwenye kichujio, maji safi yapelekwe kwenye matangi ya kuvukizia." Mwalimu wa insha huenda akaona marudio hayo yanachosha, lakini mtu aliyesimama mbele ya vali mbili hatachoka.

Onyo la pili liko papo hapo. Kitenzi kama "kutuama" au "kuchemka" kinafaa kwa jambo linalotukia lenyewe. Ukiandika "chokaa ikishaongezeka", umemficha anayeiongeza, na kila mtu katika zamu ataamini kwamba ni mwenzake. Mtaje mtendaji kwa cheo chake.

Hatua ya nne. Toa kipimo pamoja na sababu yake. "Tia chokaa ya kutosha" haimwambii mfanyakazi chochote. Maji mabichi ya miwa huwa na pH (kipimo cha asidi) ya takriban 5.2 hadi 5.5, na chokaa hutiwa ili ifike karibu na 7. Chokaa ikipungua, asidi pamoja na joto huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazitaganda kuwa punje za sukari. Ikizidi, maji hukolea rangi na sukari hutoka nyeusi. Mfanyakazi anayezijua hasara zote mbili hatabahatisha kipimo chake kinapoharibika. Atamwita mtu wa maabara.

Hatua ya tano. Mpe mtu asiyekijua kiwanda asome, kisha achore alichokielewa. Mchoro ukikosea, rekebisha sentensi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Kakamega: Mwalimu, naomba ripoti iliyokwisha kuandikwa niifuate. Natakiwa kuwasilisha Ijumaa.

Jibu: Sitatuma. Msimamizi wako anakijua kiwanda chake na ataitambua ripoti ya kwingine katika ukurasa wa kwanza. Anza na hatua ya kwanza leo.

Fundi wa maziwa, Nakuru: Mwalimu, maelezo tuliyopewa yanasema tuchemshe maji ya kusafishia vyombo hadi nyuzi 100. Kipimajoto hukwama kwenye 94, na nimekwisha kukibadilisha mara mbili. Je, maelezo ndiyo yenye kasoro?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu, na nimefurahi kwamba ulipima. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo, hivyo maji huchemka karibu na nyuzi 94. Hapa Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, huchemka karibu na 96. Nyuzi 100 ni za pwani. Andika "hadi yatokote", kisha taja dakika za kutokota. Kwa maziwa yenyewe, nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, zinafikiwa kokote nchini, kwa hiyo hapo usibadilishe kitu.

Mwanafunzi, Muhoroni: Basi inawezekanaje maji ya miwa kupashwa hadi nyuzi 103 huku kwetu?

Jibu: Swali zuri sana. Hupashwa ndani ya mabomba yaliyofungwa, chini ya shinikizo la pampu, na shinikizo hilo huyazuia yasichemke. Yakifika katika tangi lililo wazi kwa hewa, hutokota kwa ghafla na kutoa viputo vya hewa ambavyo vingeng'ang'ania uchafu na kuuzuia kutuama. Liandike jambo hilo katika ripoti yako, kwa sababu bila hilo msomaji makini atadhani umekosea tarakimu.

Mwanachama, Bungoma: Nianze na mashine gani?

Jibu: Hatua ya pili.

Mwanachama, Kisumu: Naona unaikuza mno lugha. Mimi huandika "acha itulie saa mbili" na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jibu: Saa mbili za asubuhi, za usiku, au muda wa saa mbili? Aliye karibu nawe anakuelewa kwa sababu anaweza kukuuliza. Maelezo huandikwa kwa ajili ya asiyeweza kukuuliza. Andika "kwa dakika 120", na katika daftari la zamu tumia 20:00.

Mfanyakazi wa kiwanda cha chai, Nandi: Sisi tunaita hatua moja "kuchachusha", lakini hatutii chachu. Niandike neno gani?

Jibu: Andika neno la kiwandani, kwa maana ndilo lililobandikwa mlangoni, kisha lieleze mara moja: jani lililosagwa huachwa lipate hewa, vimeng'enya vyake lenyewe vikatumia oksijeni, na rangi ya kijani ikageuka kuwa ya shaba. Baada ya hapo usilibadilishe neno hilo hadi mwisho wa ripoti.

Mwanachama, Kisumu: Dakika 120 nimekubali. Nami nitoe dokezo: karibu na matangi ya mvuke andikeni kwa penseli, kwa sababu wino wa baadhi ya kalamu huchuruzika karatasi ikilowa.

Jibu: Asante, ndugu. Nimeliongeza katika hatua ya kwanza ya nakala ninayowapa wanafunzi.