Somo: Kuchakaza Suruali ya Jinzi katika Usanifu wa Kidijitali

Nguo nyingi za kidijitali hudaiwa kuwa kuukuu, lakini zina madoa meupe yaliyotawanywa ovyo kana kwamba zimemwagiwa chokaa. Jinzi haichakai hivyo. Nyuzi zake za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu, hutiwa nili, rangi ya buluu, ilhali za mshindio, zinazokatiza kwa upana, huachwa na weupe wake. Tena nili hushika nje ya uzi bila kufika kiini, kwa hiyo kila panaposuguliwa, weupe uliofichika ndio unaojitokeza.

Hatua ya kwanza ni kuandaa matabaka mawili yenye mfumo uleule wa ufumaji: chini rangi ya pamba, ambayo si nyeupe tupu, na juu buluu iliyokolea. Mtande upite juu ya nyuzi tatu za mshindio na chini ya mmoja, ili mistari ya mshazari ionekane. Kuanzia hapo hutapaka weupe wowote, bali utafuta buluu.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni mishono. Nguo ikifuliwa, kitambaa na uzi wa cherehani havirudi kwa kiasi kimoja, hivyo mshono hujikunja vijiwimbi ambavyo vilele vyake hupauka na mabonde yake hubaki meusimeusi. Chonga vijiwimbi hivyo kwanza, kisha uiache programu itafute palipoinuka. Cycles, injini ya kutolea picha ya Blender (programu ya kuunda maumbo ya pande tatu), ina kipimo cha kazi hiyo, ila husoma nukta za umbo lenyewe. Umbo lenye nukta chache halitakupa kitu.

Hatua ya tatu ni mwili. Amua mvaaji ni nani kabla ya kushika brashi, maana dereva hupausha mikunjo ya mapajani, na fundi wa vigae hupausha magoti. Mwishowe rekebisha kidogo tu ramani inayoongoza mng'ao, kwa kuwa pamba haing'ai.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tundu nililoweka gotini linaonekana kama limekatwa kwa mkasi. Nifanyeje?

Jibu: Mtande ndio uliotanda usoni mwa kitambaa, kwa hiyo ndio unaokatika mapema. Acha nyuzi nyeupe za mshindio zikatize tundu kwa upana wa mguu, nyingine zikilegea, na upaushe eneo linalolizunguka kabla ya kulitoboa.

Swali: Je, mwalimu, njia hii inafaa kwa kanga?

Jibu: Haifai, ndugu yangu. Kanga huchapwa rangi ikiwa imekwisha kufumwa, hivyo hakuna buluu ya kufuta wala weupe wa kufichua. Punguza ukolevu wa mji na pindo kwa pamoja, kisha ongeza mpauko hafifu kwenye mistari ya kukunjia, na maandishi ya jina yapauke sawasawa na rangi zilizoyazunguka.