Namna ya kuongeza watoa huduma za afya ya akili kwa watoto na vijana katika halmashauri za Kigoma

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Halmashauri ya Buhigwe au Kakonko haiwezi kumsubiri daktari bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto ndipo ianze kuwahudumia, kwa hiyo iwaorodheshe kwanza watumishi ambao tayari hukutana na watoto: matabibu na wauguzi wa zahanati, walimu wa ushauri nasaha, maofisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kila kada ipewe jukumu lake kwa maandishi. Mwalimu na mhudumu wa jamii watambue dalili, kama vile mtoto kujitenga, kukosa usingizi au kushuka ghafla kimasomo, wamsikilize bila kumkemea, kisha wampe rufaa. Tabibu achunguze na kutibu, kifafa kikiwamo. Na shauri lolote la ukatili lifikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa wajibu wa kumlinda mtoto. Mafunzo yafuate mwongozo wa Shirika hilo kwa watumishi wasio mabingwa, ambao toleo lake la mwaka 2016 lina sehemu ya watoto na vijana.

Fedha nyingi hupotea hapo, kwa sababu semina hufanyika, posho hulipwa, na baada yake harudi mtu kumtazama aliyefundishwa. Ni afadhali kuwafundisha wachache wenye msimamizi kuliko wengi wasio naye. Kabla ya kumwita yeyote mafunzoni, bajeti itenge mafuta ya pikipiki ili mratibu wa afya ya akili afike kila kituo walau mara moja kwa mwezi, aketi na tabibu anapompokea mtoto, apitie naye mashauri magumu, na amuulize hali yake mwenyewe, maana kusikiliza maumivu ya watoto kila siku huchosha. Vijiji vya Uvinza vinavyofikiwa kwa boti vipigiwe simu kila wiki.

Wanaochaguliwa wawe wanazungumza Kiha, kwa kuwa mtoto mdogo huieleza hofu yake kwa lugha ya nyumbani. Na katika kambi ya Nyarugusu wafundishwe wakimbizi wenyewe.

Hatimaye, mapato ya ndani yasomeshe vijana wa wilaya stashahada ya uuguzi au ustawi wa jamii kwa mkataba wa kurejea, na nafasi zao ziingizwe mapema kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, kwani mhitimu akikuta hakuna nafasi atatafuta kazi mkoa mwingine.