Salamu kwanza, agizo baadaye

Ukipewa kusimamia watu hapa Mwanza, iwe kiwanda cha minofu ya sangara au ghala la dagaa pale Mwaloni Kirumba, usiingie asubuhi na "Mzigo uko wapi?" Anza na "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, uliza nyumbani wameamkaje, ndipo uje kwenye kazi. Kwa wazee wa Kisukuma, kurukiwa na agizo bila salamu ni kudharauliwa. Mtu atanyamaza, na hata akiona mashine inaharibika anaweza asikuambie. Ukimya huo ndio unaowaponza mameneja wageni, na inaniuma kuuona. Wavuvi wa dagaa je? Kikao chao kiweke siku za mbalamwezi, wanapopumzisha taa na nyavu. Giza likirudi, wako ziwani usiku kucha.